Mvinyo Umelazwa Mahali Pema

Ipo nchi, msomaji, ambayo sitaitaja jina. Siifichi kwa woga bali kwa heshima, maana yenyewe haipendi kutajwa kabla ya kutandikiwa zulia. Upande mmoja ina milima, upande mwingine ina mji mkuu, na katikati ina barabara ambayo imezinduliwa mara nyingi kuliko ilivyopitwa. Watu wake ni wapole. Viongozi wake wana huruma nyingi mno, kiasi kwamba huwabidi kuajiri watu wa kuwabebea. Nitaeleza yaliyotokea huko kama yalivyotokea. Sitaongeza chumvi, kwa sababu chumvi nayo imepanda bei.

Katika nchi hiyo hakuna jambo la serikali linalokamilika bila Kabernet. Kabernet ni mvinyo mwekundu unaotoka nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari, ambako hukaa ndani ya mapipa ya mbao, kisha chupani, miaka mingi kabla ya kunyweka. Siku uhuru ulipopatikana, mgeni mmoja mashuhuri alileta sanduku lake, viongozi wakagonganisha bilauri, na tangu hapo ikawa mwiko kutia sahihi mkataba, kumwapisha waziri au kufungua daraja pasipo chupa ya mvinyo huo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeupenda. Una ukakasi kama ganda la ndizi mbichi. Mawaziri waliuchanganya na soda ya chungwa, tena chini ya meza, ili mabalozi wasiwaone washamba. Lakini uhuru haupimwi kwa ulimi. Waliunywa, wakakunja nyuso, na wananchi waliowaona kwenye picha walijua kwamba uongozi ni mzigo mzito.

Basi mwaka huo bei ya Kabernet ikapanda. Haikupanda kama inavyopanda sukari, kidogo kidogo na kwa haya. Ilipanda kama mtu aliyeitwa jukwaani. Mwenye shamba la mizabibu aliandika barua yenye adabu nyingi, akaeleza sababu zake. Kwanza, mvua ya mawe ilizipiga zabibu. Pili, mbao za mapipa zimeadimika. Tatu, wachumaji wake, hasa wale wanaotoka "katika nchi yenu tukufu", wana tabia ya kuomba ruhusa ya kwenda kuzika ndugu zao.

"Hufiwa mno," aliandika. "Hatujapata kuona watu wanaofiwa kiasi hicho."

Serikali ilisoma barua hiyo kwa masikitiko, ikaunda Tume ya Kuchunguza Iwapo Bei Inalipika.

* * *

Wiki hiyo hiyo, kule milimani, alifariki Mzee Ndekirwa, aliyekuwa nyapara wa barabara enzi zake. Alifukia mashimo ya barabara ile ya katikati maisha yake yote, na aliacha mashimo mengi kuliko aliyoyakuta, lakini hilo halikuwa kosa lake.

Huko milimani wana desturi moja ambayo hawakubali kuilegeza. Maiti hafukiwi mpaka kifunguamimba wake, yaani mtoto wake wa kwanza, atupe konzi ya kwanza ya udongo na kumtamkia maneno ya kumuaga. Wengine wote hungoja, awe mke, awe ndugu, awe askofu. Wanaamini kwamba asiyeagwa na kifunguamimba wake huenda kama mgeni asiye na mwenyeji. Hufika mlangoni kwa waliotangulia akaulizwa, "Wewe ni baba wa nani?" na akakosa wa kumjibia. Basi hubaki amesimama hapo mlangoni, na miguu ya wafu, wanasema, huchoka upesi.

Kifunguamimba wa Mzee Ndekirwa aliitwa Anaeli. Naye alikuwa ng'ambo ya bahari, akichuma zabibu za Kabernet.

Ndipo mjane, Bi Aikaeli, alipomchukua mumewe na kumteremsha hadi mji mkuu, kwenye mochwari ya hospitali kuu. Hicho kilikuwa chumba pekee cha baridi nchini ambacho umeme wake haukukatika, kwa kuwa kilikuwa na jenereta yake. Kilitozwa kwa siku, na tozo yenyewe ilikuwa ikipanda. Bi Aikaeli aliuza mbuzi, kisha akauza ng'ombe. Kila asubuhi ilimbidi aamue kama bei hiyo inalipika, na kila asubuhi aliamua peke yake, bila tume wala posho ya chakula cha mchana.

Alifikia kwa mpwa wake, karibu na hospitali, na kukipambazuka alikuwa mlangoni pa mochwari. Mhudumu wa hapo, Msengi, alimzoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ameamkaje?"

"Ameamka salama. Hana neno."

"Mwambie Anaeli alipiga simu jana. Msimamizi wake amekubali kumpa ruhusa. Anasubiri tiketi tu."

"Nitamwambia, mama."

"Usimwambie kwa sauti kubwa. Hakupenda kupigiwa kelele asubuhi."

Na Msengi aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka. Sijui alikuwa akisema nini huko. Lakini hakuwahi kutoka upesi.

* * *

Tume ilikutana hotelini, kwa sababu wizarani hakukuwa na bilauri za kutosha. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Bakilana, Waziri wa Itifaki, Karamu na Mazishi. Hizo zilikuwa wizara tatu zilizounganishwa ili kubana matumizi, ingawa kila moja ilibaki na magari yake.

"Waheshimiwa," alisema, "taifa limetuuliza swali moja. Bei hii inalipika, au hailipiki? Hatuwezi kujibu swali la taifa kwa kubahatisha. Lazima tuonje."

Zikaletwa chupa mbili. Ya kwanza ilinunuliwa kwa bei ya zamani na ya pili kwa bei mpya. Zote mbili zilitoka kwenye sanduku moja, ila sanduku lenyewe lilikaa bandarini likingoja mhuri, na bei ilipanda likiwa limeshushwa nusu.

Mjumbe wa kwanza akaonja ya zamani, akakunja uso. Akaonja mpya, akakunja uso zaidi.

"Hii ya pili ina uzito," akasema. "Naisikia bei inavyoteremka kooni."

"Hata mimi," akasema wa pili. "Ile ya kwanza inapita tu kama mtu asiye na kwao. Hii inapita na heshima zake."

Mjumbe wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeteuliwa kwa bahati mbaya kwa kuwa jina lake lilifanana na la shemeji wa mtu. Alionja ya kwanza, akaonja ya pili, akarudia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mbona ni kitu kimoja?"

Wajumbe wakageuka kumtazama. Mtumishi aliyekuwa akikusanya sahani alisimama na sahani mkononi.

"Ndugu mjumbe," akasema Waziri kwa upole, "una mafua?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Unayo. Nenda kapumzike."

Alipelekwa kupumzika katika wilaya ambayo haijafikiwa na barabara, na nasikia mafua yake hayajapona mpaka leo.

Waliobaki waliendelea kuonja hadi jioni, kwa uzalendo, soda ya chungwa ikipita chini ya meza. Hoja yao ilikwenda hivi. Kitu ghali lazima kiwe kizuri, kwa sababu kama si kizuri, basi anayekinunua ni mjinga. Serikali ndiyo inayokinunua. Serikali si mjinga. Kwa hiyo ni kizuri, na bei inalipika. Kisha akasimama mchumi wa wizara, kijana aliyesoma mbali, akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mvinyo huu, waheshimiwa, una ajabu yake. Ukiulaza tu, unapanda thamani mwaka hata mwaka. Haufanyi kazi yoyote, na unapanda."

"Kama sisi," akasema mjumbe mmoja kwa furaha. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika.

"Kwa hiyo," mchumi akaendelea, "kadiri tunavyonunua ghali ndivyo tunavyookoa fedha. Tukinunua mwingi kabisa, tunaweza kutajirika."

Iliamuliwa ununuliwe mwingi kabisa.

* * *

Shehena ilipokaribia bandari, yalifika pia maelekezo ya mwenye shamba. Mvinyo ulazwe, usisimamishwe. Ulazwe mahali pa baridi, pa giza, pasipo kelele wala mtikisiko, na usiguswe bila sababu.

Tume ilitafuta. Ikulu kulikuwa na baridi, lakini kila Jumamosi kulikuwa na ngoma. Chini ya ukumbi wa Bunge palikuwa na giza la kutosha, lakini wabunge wanaolala hukoroma, na mkoromo ni mtikisiko. Ndipo Mheshimiwa Bakilana, ambaye mazishi pia ni wizara yake, alipogonga meza.

"Baridi, giza na utulivu! Waheshimiwa, mahali hapo tunapo. Tena wakazi wake wamekwisha kulazwa, kwa hiyo mashubaka yapo tayari."

Walikwenda kukagua, leso puani. Msengi aliwafungulia.

"Hawa wamekaa humu muda gani?" Waziri aliuliza.

"Inategemea, Mheshimiwa. Wengi wanangoja watoto wao walioko nje."

"Nataka nikuulize swali la kitaalamu. Chupa ikikaa humu mwaka mzima, thamani yake inapanda. Marehemu akikaa humu mwaka mzima, anapanda?"

"Hapandi, Mheshimiwa."

"Anashuka?"

"Anakaa vile vile, tukimtunza."

"Basi si kitega uchumi," akasema Waziri kwa huzuni ya kweli, na akatia sahihi amri. Marehemu wote watolewe kabla ya shehena kufika. Watakaokosa wa kuwachukua watarudishwa makwao kwa gharama ya Serikali, kwa malori yatakayoleta mvinyo, kwa sababu si busara malori kurudi matupu.

Asubuhi yake Bi Aikaeli alipouliza marehemu ameamkaje, Msengi alivua kofia, akamweleza. Bi Aikaeli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umekwisha kumwambia?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Yeye."

"Sijamwambia."

"Usimwambie kwanza. Ngoja niende kwa wakubwa."

Maana usiku uliotangulia Anaeli alikuwa amepiga simu tena. Tiketi ilikuwa imepatikana, lakini ruhusa ilikuwa imefutwa. Msimamizi alisema tu kwamba kuna barua imetoka nyumbani kwao.

* * *

Mheshimiwa Bakilana alikuwa na mlango ulio wazi kwa kila mwananchi, na mlango huo ulikuwa nyuma ya milango mingine mitano. Bi Aikaeli alivuka yote. Alikuwa na umri wa kuweza kumzaa Waziri, lakini alipoona kiti cha Waziri kilivyo kirefu mgongo, akatangulia kumwamkia yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole sana. Msiba wako ni msiba wetu."

"Ahsante. Sikuja kugombea chumba. Chumba ni chenu. Nimekuja kumwombea mwanangu ruhusa. Yuko huko mnakonunua mvinyo, anachuma. Walimkubalia, kisha wamemkatalia. Wanasema kuna barua imetoka huku."

Uso wa Waziri ukanawiri.

"Barua hiyo niliandika mimi mwenyewe! Tena kwa mkono wangu, siku ya mapumziko. Walilalamika kwamba vijana wetu wanaomba ruhusa za misiba, na zabibu zinaoza mitini. Nikasema, mvua ya mawe siiwezi, mbao siziwezi, lakini watu wangu nawaweza. Nikawaandikia kwamba kuanzia sasa Serikali haitambui msiba wowote wakati wa mavuno."

"Na bei ikashuka, baba?"

"Ilipanda kidogo. Ilibidi wamlipe mtu wa kutafsiri barua."

Bi Aikaeli alifunga vizuri fundo la kanga yake.

"Anakuja kutupa konzi moja tu ya udongo. Siku hiyo hiyo anageuza. Hatalala. Hata chakula hatakula, tutamfungia cha njiani."

"Mama, nakuelewa. Lakini akija wako, atakuja na wa jirani. Tatizo la watu wetu ni kwamba wanakufa bila mpangilio. Wangengoja zabibu ziishe, nani angewazuia kuzikwa?"

"Alijaribu kungoja," akasema Bi Aikaeli. "Aliugua tangu masika. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, zabibu zimeisha? Namwambia bado. Anasema, basi nipe uji."

Hapo Waziri aliguswa. Aliinama, akafuta jicho moja, na katibu wake, aliyekuwa amesimama nyuma, akafuta moja la kwake ili kuunga mkono. Kisha Waziri akanyanyua uso, na uso huo ulikuwa na mwanga wa mtu aliyepata wazo.

"Mama, mimi nikisafiri, kazi zangu husimama?"

"Sijui, baba."

"Hazisimami. Nina kaimu. Katibu wangu ana kaimu, mkurugenzi ana kaimu, na kaimu wake ana kaimu. Sasa iweje kifunguamimba peke yake ndiye asiwe na kaimu? Huo ni uonevu wa muda mrefu, na leo nauondoa."

* * *

Ndivyo ilivyoanzishwa nafasi ya Kaimu Kifunguamimba wa Taifa. Ilitangazwa, watu wengi wakaomba, na aliyeteuliwa ni Bwana Lusajo, karani wa Idara ya Mizani, mtu mpole mwenye upara na kikohozi. Alipewa suti nyeusi, glavu nyeupe na semina. Katika semina alifundishwa kutupa udongo bila kuchafua suti, na namna ya kuhuzunika pasipo kupitiliza, maana siku moja ingekuwa na makaburi kadhaa.

Shehena ikafika. Msengi aliamriwa kuwatoa marehemu mmoja mmoja, na katika kila shubaka alimomtoa mtu zikalazwa chupa. Redio ya taifa ilisoma habari hiyo ikiwa ya kwanza, kabla ya habari ya Rais kuamka. Mvinyo wote, ilisema, umefika salama na umelazwa mahali pema. Wasikilizaji wengi, kwa mazoea, waliitikia amina.

Bi Aikaeli alipanda nyuma ya lori pamoja na jeneza. Walimwalika akae mbele na dereva, akakataa. Barabara ile ilikuwa na mashimo, na kila lori liliporuka aliweka kiganja juu ya kifuniko na kusema, "Shimo tu, mzee. Unayajua." Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee Ndekirwa alipita barabara nzima bila kushuka kulifukia hata moja.

Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba, katikati ya migomba. Majirani walikuwa wamekusanyika, na mdogo wake marehemu, Mbazi, alikuwa amesimama juu ya kifusi, sepetu ameliegemea. Jeneza likateremshwa. Mchungaji akasema yake, akafunga kitabu, akarudi nyuma. Kila mtu akangoja, kama ilivyo desturi.

Bwana Lusajo akajitokeza, akavaa glavu.

"Poleni, wafiwa," akasema. "Kwa leo mimi ndiye Anaeli."

"Anaeli gani ana upara?" akauliza mwanamke mmoja kutoka nyuma.

"Labda ni baridi ya huko ng'ambo," mwingine akamjibu.

"Hebu subirini," akasema Mbazi. "Ikiwa wewe ni Anaeli, mimi ni nani yako?"

Bwana Lusajo akatazama karatasi aliyoishika. "Baba mdogo."

"Na mbwa wetu anaitwaje?"

"Mheshimiwa, utaratibu hautaji mbwa."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachokatika chenyewe. Bwana Lusajo akakohoa, akaona haya, akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Kabla sijatupa," akasema, "nina agizo moja dogo. Serikali ingependa pia kusikia maoni ya wananchi kuhusu bei." Akatoa chupa mfukoni mwa koti, na bilauri iliyofungwa kwenye leso. "Nimwonjeshe mfiwa mkuu, kisha niandike, inalipika au hailipiki. Samahani, mama. Nimeagizwa."

Alimimina kidogo, akampa Bi Aikaeli kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Mvinyo ulikuwa mwekundu karibu na weusi. Bi Aikaeli aliutazama muda mrefu. Mwanamke aliyesimama karibu naye akamnong'oneza, "Mama Anaeli, hiyo si ndiyo kazi ya mtoto? Mkono wake umo humo."

Na kila mtu aliona wazo lilivyomwingia mjane. Alisogea hadi ukingoni pa kaburi, bilauri mkononi. Kama mkono wa kifunguamimba haukuweza kuja, basi kilichopita katika mkono huo kimekuja. Mchungaji akatazama chini. Mbazi akavua kofia.

"Baba," Bi Aikaeli akamwita Bwana Lusajo, "zabibu za humu zilichumwa lini?"

Bwana Lusajo akasoma karatasi ya chupa, akafurahi kuwa na jibu zuri.

"Huu ni mkongwe, mama. Umelala miaka kumi na miwili. Hiyo ndiyo maana ya bei yake."

Bi Aikaeli alihesabu kwa vidole.

"Miaka hiyo Anaeli alikuwa hapa," akasema. "Alikuwa anachunga mbuzi." Akarudi kutoka ukingoni, akamrudishia bilauri, kwa mikono miwili vilevile, na hakumwaga hata tone. "Chukua, baba. Hakuugusa."

"Niandike nini, mama? Inalipika?"

"Andika sikuonja."

Bwana Lusajo akaandika. Kisha akainama kuchota udongo, maana alikuwa na makaburi mengine na dereva alikwisha kupiga honi.

"Ngoja," akasema Bi Aikaeli.

Alikuwa amepanga jambo ambalo hakulipitisha kwenye tume yoyote. Alimwomba Mbazi simu, Mbazi akampigia namba, akaiweka kwenye sauti kubwa. Simu ililia mara nyingi. Kule ng'ambo wachumaji walikatazwa kushika simu hadi jua lizame.

"Mama." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. Nyuma yake ilisikika mikasi ikikata, mingi, kwa mbali, kama panzi.

"Uko wapi, baba yangu?"

"Kati ya mistari. Nimechuchumaa nyuma ya kapu. Msimamizi yuko upande ule."

"Baba yako ameshateremshwa."

Mikasi ikasikika peke yake.

"Anaeli, hapo miguuni pako pana udongo?"

"Upo, mama. Una kokoto."

"Udongo ni udongo. Vua glavu. Chota."

"Nimechota."

"Haya, muage. Watu wote wapo, wanakusikia."

Hapo kijana hakunong'ona tena. "Baba," akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake toka ng'ambo ya shamba, "ni mimi, Anaeli, kifunguamimba wako. Ukiulizwa mlangoni, sema wewe ni baba yangu. Zabibu bado hazijaisha. Nenda, usiningoje."

Na wote waliokuwa pale kaburini wakausikia udongo ukianguka. Haukuwa mwingi. Ulianguka mbali sana, juu ya majani, kama mvua inapoanza migombani. Ikafuata sauti ya mtu mzima akifoka kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na simu ikakatika.

Watu wakasogea, wakatazama ndani ya kaburi. Juu ya jeneza hapakuwa na kitu. Mbao zilikuwa safi kama zilivyoteremshwa. Bwana Lusajo alibaki ameinama, udongo kwenye glavu, hajui autupe au aurudishe. Mwisho akaurudisha chini, polepole, akajifuta.

"Ametupa," akasema Bi Aikaeli. "Fukieni."

Hakuna aliyesogea. Mbazi aliangalia jeneza, akaangalia sepetu lake, akamwangalia mke wa kaka yake. Alikuwa mtu wa desturi.

"Shemeji," akasema taratibu, "udongo wenyewe umeangukia kule."

"Utafika," akasema Bi Aikaeli. "Kutoka kule bei imefika, barua imefika, mvinyo umefika. Udongo wa mwanangu ndio usifike?"

Mbazi alishika sepetu, akachota udongo.